Anayelisha Shamba la Mwenzake

Tarsis alikuwa haamini hata gunia aliloletewa na kaka yake. Lazima alichome kwa bambo, kile chuma cha kutolea punje, azing'ate, azinuse, ndipo aseme, "Haya, shusheni." Duka lake la mahindi pale Kariakoo lilipakana na langu la maharage, na hakunywa chai yangu mpaka niionje kwanza. Mchaga wa Marangu, mtu wa kanisani, hana deni la mtu. Lakini moyo wake ulikuwa na komeo.

Biashara ya nafaka ilipofunguliwa, kila mtu akaruhusiwa kusafirisha mahindi yake, Tarsis alinunua shamba Dumila. Hakulima mwenyewe. Alimwachia Onesphory, mkulima wa huko huko, wawe wanagawana mavuno.

Mbolea ya dukani ilikuwa haishikiki tena kwa bei. Onesphory akaacha mabua yaozee shambani, akapanda kunde katikati ya mahindi, akasomba samadi kwa wafugaji. Msimu wa tatu mahindi yalikuja mazito, mimi nikapiga vigelegele. Tarsis alinuna. Dereva wa lori alikuwa amemsimulia habari za samadi.

"Shikamoo, Mangi," Onesphory alimwamkia alipoingia dukani. Mchaga mwenye duka mjini humu ni Mangi tu.

"Marahaba. Samadi unaweka ya nini?"

"Ardhi nayo inakula, Mangi. Tukibeba mahindi, tukabeba na mabua, yenyewe inabaki na nini? Mimi nairudishia."

"Shamba la nani?"

"Lako."

"Sasa mtu anayelisha ng'ombe wa mwenzake, si anataka kumkamua?"

Mkulima mmoja aliyekuwa akisubiri mzigo wake ushushwe akadakia, akidhani anamtetea mwenzake: "Mzee, hicho ni kilimo cha mtu asiyetarajia kuhama!" Nilitamani kumziba mdomo.

"Kweli sitarajii, Mangi," Onesphory akasema taratibu. "Wanangu wanakula hapo hapo."

"Umesikia mwenyewe, mama Joyceline?" Tarsis akanigeukia. Wiki ile ile akamnyang'anya shamba.

Nilimjia juu. Nikamwambia anaitimua kheri kwa mikono yake mwenyewe. Akanijibu, "Akilirutubisha miaka kumi, halafu aseme ni lake, mimi nitaonyesha jasho gani?" Hasira ziliniwaka, nikarudi kwenye maharage yangu.

Shamba akapewa Wilbert. Huyo alichoma mabua, akang'oa kunde, akaleta trekta. Msimu wa kwanza magunia yalijaa duka. Wa pili yakapungua. Wa tatu punje zilikuwa kama meno ya mtoto, na lori lilikuja nusu tupu. Nikamuuliza Tarsis, yeye anayeshuku hata chai, hamshuku Wilbert?

"Wilbert?" Alinishangaa kweli kweli. "Yule hana nia mbaya na mimi, mama Joyceline. Hajaweka hata ndoo moja ya samadi."