Mtoto Aliyeitwa Fifi

Kwetu Bariadi pamba ilikuwa na rangi mbili tu. Ile nyeupe pee tuliiita safi. Iliyonyeshewa au kuharibiwa na wadudu ikawa ya manjanomanjano tuliiita fifi, na kwenye mizani ya ushirika fifi ilipokewa mwisho, wakati mwingine ikarudishwa nyumbani. Sisi watoto tulishinda uani tukichambua, safi huku, fifi kule, tukitaniana na kurushiana mbegu. Harufu ile ya vumbi na pamba mpya naitamani hata leo.

Baada yangu mama alizika watoto wawili mfululizo, wote wachanga. Tulipohamia kijiji cha ujamaa akajifungua tena, msichana. Majirani walipokuja kumwona na kuuliza jina, mama akasema, "Fifi." Baba akakunja uso. Bibi, mama yake baba, alikuwa na jina lake la ukoo tayari mdomoni, lakini ndiye aliyeelewa kwanza.

"Mwacheni," alisema. "Kifo nacho kina mizani yake. Kikimpima kikaona ni fifi, kitamrudisha."

Mtoto akaishi. Akatambaa, akatembea, akaanza kuiba karanga. Basi wanawake wengine waliokuwa wamefiwa na watoto wakaiga, na haukupita muda mrefu kijiji chetu, kilichopangwa nyumba kwa mistari, kikawa na Fifi kila mstari. Ukiita kisimani wanageuka watatu.

Mimi jina hilo nililionea aibu, niseme ukweli. Nilikuwa darasa la tano, mjuaji wa kila kitu, na sikuona kwa nini mdogo wangu, mzuri vile, aitwe kitu kinachokataliwa. Siku nilipotumwa kumpeleka kuandikishwa darasa la kwanza, mwalimu aliuliza jina, nikajibu kabla mtoto hajafungua mdomo: "Safi." Akaandika. Nikarudi nyumbani kichwa kimenivimba.

Wiki ya pili mama akasikia watoto njiani wakimwita, "Safi! We Safi!" Aliniuliza mara moja tu, nami nikashindwa kudanganya. Sikupigwa, na hilo ndilo lililonitisha. Aliacha jembe pale pale shambani, akajifunga kanga upya, akanishika mkono tukaenda shule.

"Mwangaluka, mwalimu," mama akasalimu.

"Mwangaluka, mayu. Karibu, mama."

"Naomba ufute hilo jina. Mtoto wangu ni Fifi."

Mwalimu akacheka kwa upole. "Lakini mayu, safi si ndiyo bora? Hata kwenye mizani ndiyo inayotangulia."

"Ndiyo maana silitaki," mama akasema. "Wawili wameshatangulia."

Mwalimu akaacha kucheka. Akavuta daftari, akakata, akaandika upya. Mama ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusoma kwenye masomo ya watu wazima. Akazifuata herufi kwa kidole, moja moja, nne zote, kisha akasimama kungoja wino ukauke. Nilimtazama nikajichukia. Njia nzima ya kurudi nililia, naye hakuninyamazisha, ila mkono wangu hakuuachia.

Miaka ikaenda. Wale Fifi wa kisimani wengi wao wana wajukuu sasa. Mama alizeeka akashiba siku zake, akafia nyumbani kwake, na aliyemfumba macho ni Fifi.