Kurasa za Mwisho za Kitabu cha Vakanse

Kila mwaka kiangazi kilipoanza, kabla ya kutuachia twende likizo, vakanse kama tulivyoiita, padri wa shule yetu ya misheni pale Masisi alifungua kabati ya vitabu, akatuambia tuchague. Eti tuchague. Neno hilo linanichemsha damu hata leo. Mezani aliweka maisha ya watakatifu, kitabu cha usafi wa choo, na kingine cha kupanda kahawa, kazi ambayo baba zetu waliwafanyia wazungu mwaka mzima bila kuisoma popote. Nani anapumzika kwa kusoma habari za choo?

Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilitaka kitabu kitamu. Chini kabisa ya kabati nilikiona kimoja cha Kifaransa, hadithi tupu, chenye picha ya mwanamke amesimama kando ya reli. Padri alikipekua haraka, akasema haya, chukua. Nilishangaa jinsi alivyokubali upesi.

Nyumbani, upande wa Ngungu, maharage yalikuwa yamevunwa. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo kila alasiri alipoketi uani kubambua maharage yake, mimi nilimsomea, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili. Mwanamke wa kitabuni alipigwa na mumewe, akakimbia, akamwacha binti yake kwa wakwe, akaolewa kwingine. Mama aliacha kubambua.

Habari hiyo ilikuwa yake. Kabla ya baba yangu alikuwa na mume mwingine, mtu wa fimbo. Alipomkimbia, mtoto alibaki kule, maana mahari ilikuwa imetolewa na mtoto ni wa ukoo wa baba. Dada yangu huyo sasa alikuwa mke wa mfanyakazi wa mgodi, anakaa Mubi. Mama hakuwa amemwona tangu mtoto huyo alipoota meno. Mwaka ule dereva mmoja wa lori, ndugu wa baba, alikubali kumpeleka Mama huko mwisho wa mwezi wa nane. Mama alitaka sana kwenda, lakini aliogopa kufukuzwa mlangoni.

Basi akaanza kuniuliza mambo ya kitabu kama mtu anayemuuliza msafiri habari za njia. Nyumbani kwetu hakikuwahi kuingia kitabu kingine ila katekisimu, na kwake yeye kila kilichoandikwa kilikuwa kimetokea. Niliona kosa lake nikanyamaza. Niliona raha kuwa mimi ndiye ninayejua.

Siku mbili kabla ya lori, mwanamke wa kitabuni alifika kwa binti yake, akapiga hodi. Niligeuza ukurasa. Kilichobaki kilikuwa vipande vyembamba vya karatasi kwenye mshono, vimekatwa kwa wembe, safi kabisa.

"Mutoto alimupokea ao alimufukuza?" Mama aliuliza.

"Sijui, Mama. Page zimekatwa."

Aliuliza nani alikata. Nilimwambia labda ni padri. Alirudi kwenye maharage yake.

"Kama ni Padri alikata, ile maneno iko mubaya. Alimufukuza."

Ningeweza kutunga mwisho. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini kiburi cha shule kilinipanda, nikamwambia siwezi kusema kisichoandikwa. Lori lilipita bila yeye. Namkasirikia yule kijana mjuaji niliyekuwa mimi kuliko ninavyomkasirikia padri, na padri namkasirikia sana.

Shule ilipofunguliwa nilirudisha kitabu na kumuuliza zile kurasa ziko wapi. Alijibu bila haya yoyote kwamba alizichoma.

"Ule mwanamuke aliacha bwana yake," alisema, "na mwisho binti anamukumbatia, wanakula pamoja. Mama zenu watajifunza nini pale?"

Niliondoka bila kuaga. Jumamosi nilitembea kutwa nzima hadi nyumbani, nikamkuta Mama jikoni, nikamwambia yote hata kabla ya kuketi: binti alifungua mlango, alimkumbatia, walikula pamoja, na padri mwenyewe ndiye aliyenieleza. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Iko vizuri," alisema. "Lakini dereva alirudi, akasema dada yako haiko tena Mubi. Bwana yake walimutuma mugodi ingine, mbali. Hawakusema ni wapi."