Rundo la Taka Nesitu

Mimi niliyeanza na toroli moja hapa Juba, sasa nina malori matatu ya taka, nilidhani hakuna la kunishangaza.

Mkaguzi wa serikali aliniita niende Nesitu, nje ya mji, kwenye taka zilizomwagwa kando ya barabara. Ni mimi niliyewaagiza madereva wamwage pale, kuokoa dizeli ya kufika dampo.

“Mzee, hizi ni zako?”

“Madam, ukipata jina langu humo, nalipa leo leo.”

Akafungua gunia moja. Akatoa karatasi ya misa ya mazishi ya mke wangu, picha yake juu, jina langu chini. Baada ya arobaini nilitaka nyumba isafishwe yote, nisione kitu chake.

Sina picha yake nyingine. Nikaiomba.

“Ni ushahidi, mzee. Inabaki ofisini.”

Nililipa faini ya pauni laki tisa na elfu arobaini.