Mama Bado na Ndoo ya Bluu

Mama yangu mdogo anajua maneno mengi, na akiudhika anayajua yote, lakini neno analolitumia kuliko mengine ni moja tu: bado. Ukishika soksi iliyotoboka kisigino ukitaka kuitupa, bado. Sabuni ikibaki kipande cha kushikwa kwa kucha, bado, kinabandikwa kwenye kipande kipya na maisha yanaendelea. Mswaki ukichakaa unahamia kwenye viatu, ukishindwa viatu unahamia kwenye masufuria, na mimi nina hakika siku utakaposhindwa masufuria utatafutiwa kazi nyingine. Majirani walimpa jina Mama Bado. Yeye alilipokea bila kinyongo, maana jina halikumgharimu kitu.

Nilihamia kwake nilipopata kazi ya kuuza katika duka la dawa. Walikuwa wawili tu, yeye na mumewe, hawakujaliwa watoto. Walinipa chumba cha mbele, nami nikaingia na begi moja na mdomo wangu usiotulia. Siku ya kwanza niliosha mchele, nikamwaga maji. Ee Mungu wangu. Mama Mdogo alinitazama kana kwamba nimemwaga mchele wenyewe.

Hapo ndipo nilipofundishwa ndoo. Ndoo nyekundu ni ya maji ya kuoshea mchele na mboga. Ndoo ya bluu ni ya maji ya kusuuzia nguo, yale ya mwisho, yasiyo na povu. Zote mbili zinakwenda bustanini. Maji ya povu yanasafisha choo. Nilimuuliza maji ya kuoga yanakwenda wapi, kwa dhihaka tu, akanijibu kwa utulivu kwamba bado anafikiria.

Bustani yenyewe, ukiiona, utacheka kwanza. Nyuma ya nyumba pana kiwanja kisichozidi mikeka minne, kati ya ukuta na kamba ya nguo. Ndoo zilizopasuka, madumu yaliyokatwa shingo, beseni la kuogeshea mtoto, sinki lililong'olewa shuleni, hata kofia ya pikipiki ya mtu asiyejulikana, vyote vina udongo na vyote vina kazi. Mchicha, matembele, kunde, nyanya, vitunguu vya majani. Kwenye kofia iliota giligilani. Kila asubuhi Mama Mdogo alichuma, akafunga mafungu kwa nyuzi alizozifumua kwenye magunia, akaenda kusimama kwenye geti la shule mbele ya nyumba yetu. Walimu walinunua mpaka fungu la mwisho. Sisi tulikula yale yenye matundu ya wadudu. Alisema mdudu hali kitu kibaya, kwa hiyo hayo ndiyo matamu.

Nisije nikaeleweka vibaya. Hakuwa mchoyo. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa inakaa kwenye kiti karibu na dirisha, inasikiliza redio.

Baba Mdogo ni fundi saa. Alikuwa na kimeza chake chini ya ngazi za duka la vitabu, na watu walitoka mbali kumletea saa za mikono ambazo mafundi wengine walishazikatia tamaa. Kisha macho yakaanza kuingia ukungu. Alificha. Alikisia kwa vidole na kwa masikio, mpaka siku moja akamrudishia mwalimu saa aliyoipachika mishale kinyume, wa dakika mahali pa wa saa. Mwalimu akachelewa kusimamia mtihani. Baba Mdogo alirudisha hela ya watu, akakunja kitambaa cha kimeza, akaja nyumbani kukaa. Hakuna aliyemwambia afunge. Alijifunga mwenyewe.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, tena amekomaa, asiachwe zaidi. Wataanza na jicho la kulia. Alipewa tarehe, na akaambiwa wazi kwamba akiikosa anarudi mwisho wa foleni, na foleni ile ina urefu wa mwaka mzima. Malipo ni kabla ya kulala kitandani, si baada.

Tangu siku hiyo nyumba yetu iliongozwa na jicho. Kopo la maziwa la zamani lilipewa jina hilo hilo, Jicho, na kila senti ya mboga iliingia humo. Nikiongeza kijiko cha pili cha sukari, naambiwa, "Unakunywa jicho." Nikiacha taa ya ukumbini ikiwaka, naulizwa kwa nini nachoma jicho la mume wa mtu. Baba Mdogo alicheka kwenye kiti chake, lakini nilimwona akijipangusa machozi kwa kiganja. Mwanaume aliyezoea kulisha nyumba kwa mikono yake, leo analishiwa jicho kwa mafungu ya mchicha. Inauma.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana nimeizunguka vya kutosha.

Mwenye duka letu la dawa ana ugonjwa wa kola. Kila asubuhi anazikagua. Koti likiwa jeupe pee lakini kola ina kivuli, anakusema mbele ya wateja. Zilikuwa zimebaki wiki tano kufika tarehe ya jicho aliponisema mimi, na mbele ya kijana niliyekuwa nataka anione mtu wa maana. Nilirudi nimevimba. Nikachukua chupa ya dawa ya kung'arishia nguo, nikamimina bila kipimo, nikaloweka koti usiku kucha. Beseni lilikuwa na vyombo, kwa hiyo nilililoweka kwenye ndoo ya bluu. Asubuhi nikalikamua, nikalitundika, nikakimbilia kazini. Maji niliyaacha.

Mama Mdogo wiki hiyo alikuwa na mafua ya kumziba pua zote mbili. Aliona ndoo ya bluu imejaa, akanishukuru moyoni, akamwagilia. Alianza na mchicha, akamalizia na matembele, hakubagua.

Jioni majani yalikuwa yamelala. Kesho yake yakapauka kingo. Siku ya tatu ungedhani mtu amepitisha pasi ya moto juu ya bustani nzima. Mama Mdogo alizunguka madumu yake akigeuza jani moja moja, akitafuta mdudu. Akasema labda ni ugonjwa wa hewa. Akasema labda udongo umechoka. Na mimi, msomi wa dawa, ninayewaeleza watu kila siku wasichanganye hiki na kile, nilisimama pale na koti langu jeupe nikasema ndiyo, labda udongo.

Baba Mdogo aliniita jioni ile mkewe alipotoka. Alikuwa ameshika jani la kunde, analinusa.

"Mimi sioni," alisema, "lakini pua bado inafanya kazi. Mwambie mwenyewe, mwanangu. Usimwache mwenzio anaulaumu udongo."

Nilimwambia wakati anachambua mchele. Nilitegemea mvua ya maneno, nilikuwa nimejiandaa kuipokea, nilikuwa hata naitaka. Aliweka ungo chini, akatoka nyuma, akafungua bomba. Akalifungua lote, mpaka mwisho, maji safi ya mita yakatoka kwa kishindo, akachukua mpira wa jirani akaanza kuosha udongo wa kila chombo mpaka maji yakatoka chini, akarudia, akarudia tena. Majirani walitoka kuangalia. Mshonaji aliyepanga chumba cha pili aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna msiba. Hakuna mtu katika ile nyumba aliyewahi kuona Mama Bado akiacha bomba wazi.

Kisha akakata kila kitu, akabakiza visiki vya kidole kimoja. Nikamuuliza kama nivitoe nikavitupe.

"Bado," alisema. "Mizizi haijasema."

Mizizi inasema polepole. Wiki ya kwanza haikusema kitu, wiki ya pili matembele yakatoa vichomozo vyekundu, lakini machipukizi hayajazi kopo. Mshahara wangu wote wa mwezi niliuweka mbele yake mezani, akachukua, akanirudishia nauli ya kwenda kazini. Bado haukutosha. Zilipobaki siku nne tulikaa watatu ukumbini, taa imezimwa kuokoa jicho, na kopo katikati.

Baba Mdogo ndiye aliyeanza. Alisema kwa upole kwamba ameshazoea, kwamba redio inamtosha, kwamba mwaka si mrefu. "Bado, mke wangu," alisema. "Jicho lingoje."

Mama Mdogo aligeuka. Neno lake mwenyewe, na limetoka kinywani mwa mtu mwingine, nadhani ndiyo mara ya kwanza alilisikia lilivyo.

"Bado ni ya vitu," alisema. "Na wewe si kitu."

Baba Mdogo akaanza kutikisika mabega.

"Miaka yote hii," alisema, "leo ndiyo unaniambia mimi si kitu."

Tulicheka mpaka mshonaji akagonga ukuta. Mama Mdogo alicheka huku machozi yakimtoka, akampiga mumewe begani kwa kanga, akamwambia anajua alichomaanisha, asijifanye. Alipomaliza kucheka akapanda kwenye stuli, akashusha kutoka juu ya kabati lile boksi.

Boksi lile lilikuwa na sahani kumi na mbili za udongo mweupe, zenye maua ya bluu ukingoni, alizopewa na bibi yangu siku ya harusi yake. Hazikuwahi kutumiwa hata siku moja. Kila sikukuu nilimwambia tuzitoe, kila sikukuu bado, wageni wenyewe hawajafika. Sisi tulikula kwenye sahani za bati zilizomenyuka rangi. Nilizoea kumtania kwamba anamngojea rais.

Aliziosha moja moja, akazifuta. Baba Mdogo aliuliza ni mlio gani huo. Akajibiwa kwamba watu wanafanya usafi. Hakuuliza tena, lakini mtu anayetambua saa kwa mlio wake hawezi kushindwa kutambua sahani. Mshonaji alikuwa anamwoza binti yake mwezi ule na alikuwa anatafuta zawadi; alizinunua zote, na kopo likatimia. Nililibeba mimi hilo boksi mpaka kwake, hatua kumi tu, na sijawahi kubeba kitu kizito kama kile. Kosa ni langu, sahani ni zake, na hakuwahi kunikumbusha hata kwa jicho la pembeni. Ningependa angenigombeza.

Baba Mdogo alilazwa siku ile ile ya tarehe yake. Kesho yake, siku ya kufunguliwa bandeji, Mama Mdogo alikataa kuja. Alisema nauli ya watu watatu kurudi ni ya nini, wakati yeye si daktari. Uongo mtupu. Alikuwa anaogopa, asubuhi ile alifunga fungu moja la kunde mara tatu.

Muuguzi alifungua bandeji taratibu, akamwuliza kama anaona chochote. Baba Mdogo alipepesa. Akatazama ukuta, akatazama dirisha, kisha akaushika mkono wa muuguzi na kuusogeza karibu.

"Saa yako iko nyuma kwa dakika nne," alisema.

Nililia pale pale, na koti langu la kazini. Muuguzi alinipa bandeji kwa kunidhania natafuta kitambaa.

Nyumbani alishuka mwenyewe, akakataa mkono wangu. Alipita bustanini kwanza, akasimama mbele ya kila chombo. Matembele yalikuwa yamefunika beseni lote. Mchicha ulikuwa umefika kifundoni. Aliigusa kofia ya pikipiki, akacheka peke yake. Kisha akaingia ukumbini.

Mama Mdogo alikuwa amesimama karibu na meza, ameweka chai. Baba Mdogo hakumwangalia kwanza. Aliangalia juu ya kabati, pale palipobaki mraba safi usio na vumbi, akapaangalia kwa muda. Ndipo akamgeukia mkewe. Alimtazama mvi zilizotokeza chini ya kitambaa, akamtazama kola ya gauni iliyogeuzwa upande wa pili ikashonwa upya, akamtazama mikono iliyokatikakatika kwa udongo na maji. Alikuwa hajaviona hivyo kwa miaka mitatu.

"Umezeeka, mke wangu," alisema.

"Bado," alijibu Mama Mdogo, akamvutia kiti.

Nikaona niwapishe. Nilitoka nyuma, nikasimama karibu na pipa la takataka na bandeji mkononi, nikaitazama. Nikaisuuza kwenye ndoo ya bluu, maji matupu, bila dawa, nikaifungia mnyanya ulioanza kuinama.