Kanda Isiyo na Klaimaksi

Mume wangu alipotoa kanda yake ya mwisho, mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu walitaka kujua kwa nini nyimbo zote kumi ni za polepole. Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mimi sikuwa nalo wala sikulitafuta, kwa sababu kanda yenyewe sikuwa nimeisikiliza.

Hilo lataka maelezo. Miaka ya sabini alikuwa na bendi, na bendi ilikuwa na jina. Nyimbo zao zilianza taratibu, waimbaji wakilalamikia mapenzi, halafu magitaa yanachanganya, mwendo unapanda kasi, na ukumbi mzima unainuka. Hapo pa kuchanganya wanamuziki wa Nairobi walipaita klaimaksi, na klaimaksi za mume wangu zilikuwa ndefu kuliko za wenzake wote. Watu walisema ukienda chooni inapoanza, utarudi uikute. Niliolewa naye nikiyajua hayo, kwa hiyo siwezi kudai nilidanganywa.

Kilichonishinda ni kelele. Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja katikati ya jiji, chumba kimoja na taipureta kumi na nne, zote za chuma. Jioni nilirudi nyumbani Woodley na kipandauso, nikavua viatu mlangoni, nikaomba Mungu watoto wawe wamelala, na sebuleni nikakuta wanaume watano wanatafuta klaimaksi. Kama hawakuwepo, basi walikuwa wamekwenda kuicheza mahali pengine, na hapo badala ya kukosa usingizi nilikosa mume. Kitinda mimba wetu alipozaliwa, mapema miaka ya themanini, baba yake alifika hospitali siku ya tatu akiwa na kreti ya soda na mpiga tumba wake. Nilimwambia achague, gitaa au nyumba. Sikupandisha sauti, maana kichwa kilikuwa kinauma.

Alichagua nyumba. Sikuwa nimejiandaa kwa jibu hilo. Alipata kazi ya kutengeneza sofa katika karakana ya Singasinga mmoja kule Westlands, akaenda na gitaa lake, akalitundika ukutani kati ya misumeno. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna mtu aliyecheza gitaa nyumbani kwangu. Nilikuwa nimeshinda. Nyumba ilitulia mpaka ukasikia sufuria ya jirani ikichemka, na mimi na yeye tukawa watu wa kuzungumza kuhusu bomba linalovuja na maharagwe yasiyoiva.

Halafu Jumapili moja, tukiwa mezani, akaniambia amerekodi nyimbo kumi. Alikuwa akizitunga karakanani saa za chakula cha mchana, wenzake wakila chapati. Alizipeleka kwa yule mfanyabiashara Mhindi wa River Road aliyekuwa akiuza sahani zake za santuri za zamani. Mhindi alisikiliza zote ameinamisha kichwa, akauliza, "Mzee, hii nyimbo yote iko lala. Klaimaksi wapi?" Mume wangu akamjibu kwamba haipo. Mhindi akazichapa hivyo hivyo, kanda chache, kwa ajili ya ujana wao wote wawili.

Wajuzi wakaanza kazi yao. Kuna waliosema mzee amekomaa, kuna waliosema vidole vimekauka kwa gundi ya mbao. Mwandishi mmoja wa gazeti, mpenzi wa muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, aliandika kwamba mkongwe huyu amerudi na bluzi. Mume wangu akaniuliza bluzi ni nini. Nikamwambia ni blauzi, wamekosea chapa.

Kanda moja aliiweka kwenye meza ya kitanda, upande wangu. Niliitia kwenye droo na karatasi yake ya plastiki. Niliogopa. Leo kanda, kesho baa, keshokutwa mpiga tumba sebuleni kwangu tena, na mimi na kichwa changu tuko pale pale. Wacha niseme ukweli, niliomba kanda ile ife. Jumamosi moja asubuhi, akitafuta futi yake ya kupimia aende kazini, aliuliza kama nimeisikiliza. Nikamjibu kwamba nasikia ni dawa nzuri kwa wasiopata usingizi. Akacheka kidogo, akatoka. Walikuwa wanakwenda Kitisuru kupachika makabati katika nyumba ya watu wenye nafasi.

Siku hizo redio ilisoma matangazo ya vifo baada ya habari za mchana, na kabla ya kuyasoma walipiga muziki wa kutuliza. Jumamosi ile mtangazaji aliyekuwa zamu alichagua wimbo wa mume wangu. Akamtaja mwimbaji kwa majina yake yote mawili, kwa heshima, kisha bila hata kuvuta pumzi akasoma tangazo la kwanza: tunasikitika kutangaza kifo cha mzee fulani, na majina yakawa yale yale. Majina hayo, upande wetu wa magharibi, ukiyaita sokoni wanageuka wanaume watano. Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu aliyepita miaka themanini. Lakini nani alibaki kusikiliza mpaka hapo?

Mimi nilikuwa nafua, sikusikia lolote. Wa kwanza kuja ni jirani, mikono kichwani, akisema redio imemtangaza Baba Watoto. Nikamwambia mume wangu yuko kazini. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Ndiyo mama, alienda kazi." Wakaja akina mama wa kanisa na sukari na majani ya chai. Wakaja watu wa kwetu kutoka Kawangware. Wakaja wanabendi wa zamani wamevaa makoti, na mmoja wao amebeba gitaa, wamsindikize mwenzao vizuri. Kwetu msiba ukiingia viti vinatolewa nje, watu wakae chini. Ilipofika saa tisa sofa zangu zote zilikuwa kwenye majani, na mimi niko kwenye mkeka, nimevalishwa leso ambayo si yangu.

Mume wa jirani aliendesha gari mpaka Westlands. Akakuta karakana imefungwa, na mlinzi akamwambia pikapu iliondoka asubuhi na haijarudi. Alirudi akasema hivyo tu. Lakini maneno yalipotoka mlangoni yakafika jikoni, pikapu ilikuwa imepinduka, na yaliporudi kutoka jikoni ilikuwa imepinduka bondeni. Niliamini. Redio ilikuwa imeshasema, mimi ni nani?

Sikulia. Akina mama walinitazama wakingoja, nikashindwa. Niliinuka, nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikaichana ile plastiki kwa meno na kuitia kanda kwenye redio.

Aliimba kama mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili. Gitaa lilikuwa chini mno, mpaka nikasikia kidole kikiteleza kwenye waya. Wimbo wa pili ulikuwa wa mwanamke anayevua viatu mlangoni na kuhesabu hatua mpaka kitandani asiamshe maumivu yake. Hakumtaja jina. Nilishikwa na hasira kwanza, hasira kabisa, kwamba mtu anaweza kukaa na jambo kama hilo miaka kumi na mmoja na kuniuliza kuhusu maharagwe. Kisha nikampenda mpaka nikaumia, na yeye yuko bondeni na maneno yangu ya dawa ya usingizi.

Sebuleni waliisikia sauti ya marehemu ikipenya ukutani, wakaangua kilio upya. Nilifungua mlango nikawaambia wanyamaze, nasikiliza. Nikasikia mmoja akisema taratibu kwamba msiba umenipanda kichwani.

Saa kumi na moja jioni aliingia getini na sanduku lake la vifaa. Nilimwona dirishani. Alisimama akatazama sofa zilizopangwa kwenye majani, sofa alizozitengeneza mwenyewe, kisha akatazama mawingu.

"Nani ametoa hizi viti nje na mvua inakuja?"

Mama mmoja wa kanisa aliweka birika chini polepole. Mpiga tumba, ambaye tangu mchana alikuwa akieleza maisha ya marehemu na kuongeza ya kwake, ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Wewe si umekufa?"

Akasema hapana, alikuwa Kitisuru. Akashika upande mmoja wa sofa kubwa, na kwa kuwa mtu hawezi kubeba sofa peke yake, waombolezaji wakamsaidia.

Mambo yakawa ya aibu kidogo. Mtu hajui aage vipi katika msiba uliokosa maiti. Lakini chai ilikuwa imeshapikwa, na sukari ya kutufikisha Krismasi imeshaletwa, basi watu wakakaa wakanywa. Yule mzee aliyekuja na gitaa, kwa kukosa la kufanya nalo, akamnyooshea mume wangu.

Hakulipokea. Alinitazama. Na watu wote, wenye vikombe na wasio na vikombe, wakanitazama. Nilijua kwamba nikitikisa kichwa atasema amechoka, atauliza habari za bomba, na hataniuliza tena mpaka tuzikane kweli.

"Cheza, Baba Watoto," nikasema.

Akakaa kwenye mkono wa sofa, akakaza waya moja, akaanza. Mpiga tumba aliweka viganja mezani, tayari, kwa mazoea. Wimbo ulikwenda, ukaenda, ukaisha, na viganja vyake viko pale pale. Akaniangalia kama mtu aliyedhulumiwa.

Nikauliza mbele ya watu wote lile ambalo magazeti na River Road walikuwa wameshindwa kulijibu, kwa nini zote ni za polepole. Alikuwa bado ameinamia gitaa.

"Nilikuwa natafuta zile unaweza kulala nikicheza," akasema. "Ndio siku moja nirudi nazo nyumbani."

Hapo ndipo nilipolia. Akina mama wa kanisa, waliokuwa wamengoja machozi hayo tangu saa nane, walinizunguka wakanipa leso zao zote, na mume wangu yuko hai mbele yangu anauliza kama kichwa kimeanza.