Nyumba Iliyopakwa Chokaa Kiangazi

Mwanangu, siku niliyokwenda mimi kuangalia nyumba naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Nimesikia umekwenda kuangalia nyumba kule bondeni, umerudi unasifu rangi na geti. Hujauliza maji ya mvua yanakwenda wapi. Basi kaa unisikilize, na maneno yangu yakiwa makali, yavumilie.

Enzi za Ujamaa nilikuwa mshonaji Kariakoo. Cherehani yangu niliiweka kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja, nikishona kaunda suti na magauni ya harusi. Marehemu mume wangu alifanya kazi relini, mwezi mzima hayupo. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Gerezani, na mimi nilitaka nyumba, kwa sababu mama yangu alikuwa peke yake Kisarawe na macho yalianza kumpotea.

Ndipo nikampata Bwana Sudi. Mtu mzima, kanzu safi, mtaa mzima unamwamkia. Alikuwa anauza nyumba ya vyumba sita upande wa kuteremkia Msimbazi, ya miti na udongo iliyopigwa plasta, bati juu, ua nyuma. Ilikuwa Januari, jua linaunguza. Kuta zilikuwa nyeupe pe, chokaa ya juzi. Uani kumemwagwa mchanga mpya, na pembeni magimbi yamestawi, majani mapana kama ungo. Bwana Sudi aliyaonyesha kwa fahari, akasema ardhi ile ina baraka. Uzuri wa mkakasi, mwanangu, ndani kipande cha mti.

Nilikuwa nimemchukua Mzee Kondo, fundi mwashi, jirani yetu wa Gerezani. Yeye hakutazama bati wala milango. Aliweka kiganja ukutani, akakwangua kwa ukucha, chokaa ikadondoka na chini yake kukawa na ukungu mweusi. Akamuuliza Bwana Sudi mfereji wa zamani uliishia wapi. Bwana Sudi akacheka, akaapa kwa Mungu kwamba maji hayajawahi kuingia nyumba ile. Mzee Kondo akanivuta kando.

"Binti yangu, mji mzima umekauka na magimbi haya yananawiri. Hapa ndipo maji yanapolala. Ua huu ni bakuli, na mfereji wake wameujengea vyumba viwili vya kupangisha. Subiri masika, uje uitazame tena."

Nami nikamjibu jibu ambalo mpaka leo linanichoma. "Mzee Kondo, umewajengea watu maisha yako yote na wewe mwenyewe huna nyumba. Utanifundisha nini mimi kununua?"

Alivaa kofia yake akaondoka. Siku ya tatu nikaandikiana na Bwana Sudi mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, na wiki iliyofuata nikamleta mama.

Masika yakaja. Maji ya mtaa mzima yaliteremka yakaingia uani, na mengine yakachimbuka chini ya sakafu, wala hukujua uyazuie wapi. Choo cha shimo kikafurika. Gauni la harusi la binti wa watu likaota madoa ya ukungu sandukuni. Mama akaanza kukohoa. Kisha nikaona ufa kwenye ukuta wa chumba chake, chini, karibu na kitanda. Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi methali hiyo niliijua tangu utotoni. Saruji ilikuwa ya kibali, kibali sikuwa nacho, na mtu wa kumuuliza nilikuwa nimemtukana. Unajua nilifanya nini? Nilitundika kanga juu ya ule ufa ili nisiuone.

Ukuta ulianguka alasiri moja, mvua ikiwa imekatika, mimi niko barazani nashona. Majirani ndio waliomfukua mama. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyosema. Guu lililovunjika halikuwa langu, mwanangu. Lilikuwa la mama yangu, na hakutembea tena.

Nilikwenda kwa Bwana Sudi kumlalamikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, ametulia, kisha akaniambia, "Mimi nilikuuzia nyumba, mama. Sikukuuzia mvua."

Niliporudi, majirani wakaniambia kwamba nyumba ile hujaa maji kila mwaka. Mbona hamkusema? Wakajibu kwamba walidhani najua. Nikawachukia wote, nikaapa kuitoa nyumba ile mikononi mwangu kwa njia yoyote.

Kiangazi nikausimamisha ukuta kwa udongo, nikanunua chokaa. Mwalimu mmoja kijana, mtu wa Moshi, alitaka kuja kuiona pamoja na mkewe mjamzito. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa napaka, mikono myeupe mpaka viwikoni, Mzee Kondo akaingia kumjulia hali mama. Alikuwa akifanya hivyo kila wiki tangu ukuta uanguke, na mimi nilikuwa sijamwomba radhi. Akaitazama ndoo.

"Uliponitukana nilinyamaza, kwa kuwa ulikuwa hujui," akasema. "Leo unajua. Mke wa mwalimu atajifungua masika. Mtoto wake utamlaza kwenye chumba gani?"

Nilikasirika, nikataka kumfukuza. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nami nilikuwa nimeushika mkuki uleule wa Bwana Sudi. Nikaketi kwenye mchanga wa uani nikalia, kisha nikamwomba msamaha.

Mwalimu na mkewe walipofika niliwaonyesha ufa, ukungu, na mahali mama alipofukiwa. Mwalimu aliondoka amenuna. Mkewe alinishika mkono kwa nguvu, kisha akamfuata.

Mimi na Mzee Kondo tukavibomoa vile vyumba viwili, tukaufungua mfereji, tukaupandisha msingi kidogo kidogo kila tulipopata saruji. Ilichukua viangazi viwili. Mama alifia humo miaka mingi baadaye, kitandani pakavu, lakini uani alikuwa anabebwa.

Basi sikia. Nyumba ya bondeni iangalie mvua ikinyesha, hata kama mwenye nyumba anakuharakisha. Anayekuharakisha kiangazi ana sababu yake. Sogeza kabati, gusa ukuta wa nyuma yake. Waulize majirani, tena uwaulize waziwazi, maana watu huficha kwa kunyamaza. Fundi akikuambia usinunue, usimpime kwa alichonacho. Na ukishatumbukia, usimvute mwenzio shimoni ili wewe upate pa kukanyaga. Hilo ndilo linalonikasirisha zaidi ya yote, kwamba nilikaribia kulifanya, tena na mama akiwa amelala chumba cha pili ananisikia nikipaka.

Nimemaliza. Hasira hii si juu yako, ni kwa ajili yako. Nenda, na Mungu akujaalie nyumba ambayo hutaona haya kumuuzia mwanao.