Majambazi Watano wa Njia ya Ilongero

Aliyeninyang'anya baiskeli alikuwa mtu mmoja, tena mwembamba. Lakini wakati ule, nikiwa mwalimu kijana wa elimu ya watu wazima katika kijiji cha ujamaa karibu na Ilongero, nilisema walikuwa watano.

Ilikuwa mchana kweupe. Alisimama njiani na gunia, akaniomba nimsaidie kujitwisha. Nikashuka kwa moyo wote wa ujamaa. Nilipoinuka na gunia mikononi, kisu kilikuwa shingoni. Alichukua baiskeli, viatu na shati. Gunia akaniachia, lilijaa pumba.

Nilirudi kijijini kifua wazi, na kufika kwangu nilikuwa nimekwisha kupambana na majambazi watano. Mwenyekiti akanisifu mkutanoni. Sifa zile zilinifikisha nyumbani tu; nilipofunga mlango nikausogezea kitanda.

Tangu hapo sikwenda mjini. Kila nilipotakiwa kufuata chaki, niliugua malaria. Niliugua mara nne kiangazi kile, wakati hata mbu hawakuwapo.

Alasiri moja darasani, mzee mmoja alikuwa anakuja ubaoni, fimbo yake ikaanguka nyuma yangu. Kabla haijatulia, mimi nilikuwa chini ya meza. Darasa zima, watu wa umri wa wazazi wangu, likabaki kutazama miguu yangu. Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka!

Bibi mmoja wa safu ya mbele akainama.

"Mwalimu, walikuwa wangapi?"

"Mmoja, bibi."

"Alikuwa na panga?"

"Kisu."

"Kinatosha. Mimi walipoiba mbuzi wetu nilikuwa peke yangu. Mwaka mzima mbwa akibweka, naingia uvunguni. Haya, toka huko, tunataka kusoma."

Jumamosi akanisindikiza mjini, kuku kwapani. Kila tulipokutana na mtu, mimi nilihamia upande wa pili wa bibi; yeye alisimama kusalimiana mpaka habari za mifugo ziishe. Tulipofika pale palipotokea mkasa, nikageuka kurudi. Akanishika mkono mbele za watu, kama mtoto anayepelekwa kupigwa sindano. Nikapita.

Tulikwenda hivyo Jumamosi tatu. Ya nne akasema miguu inamuuma, niende mwenyewe. Nilikwenda, nikiimba kwa nguvu njia nzima. Wachunga ng'ombe walidhani mwalimu amelewa, wakanipisha njia.